Ibn Battuta: Mgeni aliyeandika namna tulivyompokea



Ramadhani moja nilialikwa kusomesha darsa za baada ya Alasiri katika kijiji cha Mlingotini, kusini ya mji wa Bagamoyo. Anayekwenda huko akitokea Bagamoyo mjini hupita Kaole, penye magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya wazee wetu yenye nguzo za mawe. Mlingotini ni kijiji cha wavuvi, na cha akina mama wanaolima mwani maji yakitoka. Nilifikia katika nyumba ya bibi mmoja mjane ambaye sina udugu naye wowote. Jua lilipozama zililetwa tende, uji na ndizi mbichi zilizopikwa kwa tui la nazi. Baada ya Tarawehe likaja sinia la wali na samaki, na pembeni kibakuli cha achari ya maembe machanga na ndimu. Nilimuuliza bibi ni nani aliyemfundisha kula wali kwa achari. Alinishangaa. Akasema amewakuta wazee wake wakila hivyo, na wao waliwakuta wazee wao.

Sikumwambia usiku ule, lakini sinia kama lile limo kitabuni. Aliliandika mtu wa Morocco aliyepita katika pwani hii ya Afrika Mashariki karibu miaka 700 iliyopita, naye ni Ibn Battuta. Jina lake wengi wetu tumelisikia darasani katika somo la historia, tukalikariri kwa ajili ya mtihani, kisha tukalisahau. Leo katika safu hii nataka tumtazame kama Muislamu aliyeishi miaka karibu 30 akilala katika nyumba za watu na kula katika sahani za watu. Humo mna jambo linalotuhusu sana sisi Waislamu wa mijini.

Kijana wa Tangier

Jina lake ni Muhammad bin Abdallah, wa kabila la Lawata katika Waberber, na alizaliwa mjini Tangier mwezi wa Rajab mwaka 703 Hijria, sawa na Februari 1304. Ukoo wake ulikuwa wa makadhi wa madhehebu ya Imam Malik, naye akasoma sheria kama walivyosoma wazee wake. Mwezi Juni mwaka 1325, akiwa na umri wa miaka 21, aliondoka kwao kwenda Hijja. Wazazi wake wote wawili walikuwa hai, na kuachana nao kulimuumiza mno. Hakuwa na mwenzake wa safari wala msafara. Alikuwa na kipando chake na nia yake.

Njiani, katika nchi ambayo leo ni Algeria, alishikwa na homa kali. Alishauriwa apumzike mpaka apone, akakataa. Akauza mnyama wake na mizigo mizito, akaazimwa kipando na hema, akasonga mbele na wenzake aliowapata. Ilifika mahali akawa anajifunga kwenye tandiko kwa kilemba chake ili asianguke kwa udhaifu.

Wakafika Tunis. Watu wa mji walitoka kuupokea msafara, kila mmoja akimwendea jamaa yake, wakipeana mikono na kuulizana habari. Ibn Battuta akasimama peke yake. Hakuna aliyemtolea salamu kwa sababu hakuna aliyemjua. Kijana yule mwanachuoni, mwana wa makadhi, akashindwa kujizuia, akalia machozi mbele za watu. Mmoja wa mahujaji akaona hali yake, akamwendea, akamsalimu na kumliwaza, na hakuacha kuongea naye mpaka walipoingia mjini.

Hakutaja mengi kuhusu majumba ya Tunis yanayonigusa kama machozi hayo. Yaweke akilini, ndugu msomaji, kwani nitayarudia mwishoni. Toka siku ile, kila mji alioingia, jambo la kwanza alilolitazama ni nani aliyemsalimu, nani aliyempa pa kulala na alipewa nini cha kula.

Sahani iliyovunjika Damascus

Alipoondoka Tunis alikuwa amekwisha teuliwa kadhi wa msafara wa mahujaji. Njiani alioa, akagombana na mkwewe, akamwacha mke, kisha akaoa mwingine na kufanya karamu iliyousimamisha msafara kutwa nzima. Mjini Alexandria alikutana na mzee mchamungu aliyemwambia kwamba atafika India na China, na akampa salamu za ndugu zake walioko huko. Kijana hakuwa na wazo hilo, lakini neno lile likaota mizizi moyoni mwake.

Mwaka 1326 alifika Damascus, na huko aliona jambo ambalo kila nikilisomesha wanafunzi hunyamaza. Alikuwa akipita katika uchochoro akamkuta mtumwa mdogo aliyeangusha sahani ya kaure ya Kichina, ikavunjika. Watu wakamzunguka. Mmoja wao akamwambia aokote vipande vile avipeleke kwa msimamizi wa wakfu wa vyombo. Mtoto akaenda, akaonyesha vipande, akapewa fedha ya kununua sahani nyingine kama ile. Maana yake ni kwamba palikuwa na Muislamu aliyefikiria kwamba mtumishi akivunja chombo cha bwana wake atapigwa au atatukanwa, akatoa mali yake wakfu ili mioyo ya watu wadogo kama hao isivunjike. Palikuwa pia na wakfu wa wasioweza kwenda Hijja, wa mabinti wasio na uwezo wa kuolewa, na wa wasafiri, wapate chakula, nguo na nauli ya kurudi makwao.

Alihiji mwaka huo huo. Kisha akazunguka Iraq na Uajemi, akarudi kukaa Makka akisoma, na baadaye akashuka Yemen hadi Aden. Hapo ndipo alipoingia chomboni kuelekea kwetu.

Kaskazi yamleta pwani yetu

Wanahistoria wengi huiweka safari hii mwaka 1331. Kwanza aliteremka Zeila, mji uliokuwa ukinuka samaki na damu ya ngamia waliochinjwa vichochoroni, hata akaona bora alale chomboni juu ya kuwa bahari ilikuwa chafu. Kutoka hapo walisafiri siku 15 wakafika Mogadishu.

Mogadishu ilikuwa na desturi yake. Chombo kikitia nanga, vijana wa mji hutoka kwa mashua ndogo, kila mmoja ameshika sahani ya chakula iliyofunikwa. Humpa mfanyabiashara mmojawapo na kutangaza kwamba huyu ndiye mgeni wangu. Tangu hapo mgeni hulala kwa mwenyeji huyo, na mwenyeji humuuzia na kumnunulia. Kijana mmoja alipomwendea Ibn Battuta aliambiwa kwamba huyu si mfanyabiashara, ni mwanachuoni. Habari zikapelekwa kwa kadhi, naye akaja mwenyewe ufukweni pamoja na wanafunzi wake. Akampeleka kwanza kumsalimu Sultani Abu Bakr, kwa kuwa ndiyo adabu ya mji kwa kila mwanachuoni mgeni. Akaletewa tambuu na popoo na maji ya waridi kutoka Damascus, kisha akapewa nyumba iliyotengwa kwa ajili ya wanafunzi wa dini, yenye matandiko na kila kinachohitajika.

Halafu kikaja chakula. Ulikuwa wali uliopikwa kwa samli, umepakuliwa katika sinia kubwa la mti, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni zilikuwako ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Katika chombo kingine kulikuwa na maziwa ya mgando, ndimu za achari, pilipili zilizotiwa siki na chumvi, tangawizi mbichi, na maembe. Ibn Battuta hakuwa ameyazoea maembe, kwa hiyo aliyaeleza kwa utaratibu kabisa, kwamba ni kama tufaha lenye kokwa, yakiiva ni matamu sana na yakiwa machanga ni makali kama ndimu, nayo hutiwa achari. Akaona wenyeji wanakula tonge la wali, kisha wanaonja achari. Akaona pia kwamba mtu mmoja wao hula chakula cha kuwatosha watu kadhaa wa kwao, na miili yao ilikuwa minene kwa ajili hiyo!

Msomaji wa Lamu, Unguja, Tanga au Bagamoyo atajibu mwenyewe kama chakula hiki ni kigeni kwake. Maziwa ya ng'ombe yamepisha tui la nazi, lakini sinia ni lile lile, ndizi mbichi ni zile zile, na achari ipo pale pale pembeni. Vijana wetu wengine wa mjini leo huona haya kumwandikia mgeni chakula hiki. Humkimbiza kwenye chipsi na kuku wa kukaanga, kana kwamba wao wametoka katika nyumba isiyokuwa na chakula cha heshima. Chakula hiki alipewa mgeni wa Sultani.

Siku ya Ijumaa kadhi alimletea nguo, zikiwemo nguo ya hariri ya kujifunga kiunoni, kanzu ya kitani cha Misri, joho na kilemba. Wenyeji hawakuwa wakivaa suruali. Walijifunga nguo kiunoni kama tunavyojifunga shuka na kikoi mpaka leo. Nguo zilizofumwa Mogadishu zilikuwa zikiuzwa hadi Misri.

Mombasa na Kilwa

Kutoka Mogadishu chombo kilifika Mombasa, akalala usiku mmoja tu. Lakini usiku huo mmoja ulimtosha kuona mengi. Wenyeji walikula zaidi ndizi na samaki, na nafaka waliletewa kutoka bara ya pwani. Walikuwa na ndimu, ndizi, na tunda dogo tamu lenye kokwa linalofanana na zambarau letu. Walikuwa wafuasi wa madhehebu ya Shafi, watu wa dini na wema, na misikiti yao ya mbao ilikuwa imejengwa kwa ustadi. Kila mlango wa msikiti ulikuwa na kisima kifupi kimoja au viwili, na kata ya mti yenye mpini wa kuchotea. Watu walitembea pekupeku, basi kila anayeingia aliosha miguu, kisha akaifuta kwenye mkeka mgumu uliowekwa mlangoni. Aliyekuwa akikusudia kuandika vibaya juu ya Waafrika asingehangaika kutaja mkeka wa kufutia miguu. Yeye aliutaja, kwa sababu alijua usafi wa mlango wa msikiti unaeleza habari za watu waliomo ndani.

Kisha wakaelekea kusini hadi Kilwa. Njia ya majahazi ilipita katika bahari hii inayotazamana na Kaole na Mlingotini. Hakuutaja mji wowote wa hapa, lakini siku aliyokuwa akipita, msikiti wa Kaole ulikuwa umesimama tayari. Yapo maandishi yanayoanza historia ya Bagamoyo kwa misafara ya watumwa na pembe za ndovu katika karne ya 19, kana kwamba kabla ya hapo palikuwa pori. Magofu yale yanawakatalia.

Kilwa aliiona kuwa mmojawapo wa miji mizuri na iliyojengwa vyema. Alisema imejengwa kwa mbao, wakati leo tunaona hapo Msikiti Mkuu wa mawe na jumba la Husuni Kubwa. Tukumbuke kwamba alikuwa akisimulia kwa kumbukumbu, zaidi ya miaka 20 baadaye, na kwamba nyumba za watu wengi huenda zilikuwa za miti na makuti kama anavyosema. Magofu ya Kilwa Kisiwani yaliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1981.

Sultani wa Kilwa alikuwa Hassan bin Sulaiman, ambaye watu walimpa jina la Abul-Mawahib, yaani baba wa vipaji, kwa wingi wa kutoa kwake. Sarafu ya shaba yenye jina lake imepatikana mbali kabisa, Great Zimbabwe. Masharifu walimwendea kutoka Hijaz na Iraq, naye alikaa na mafakiri na kula nao. Ijumaa moja, alipokuwa akitoka msikitini kwenda nyumbani, alisimamishwa na fakiri mmoja wa Yemen aliyemwomba nguo alizozivaa. Sultani akakubali, na fakiri akataka azipate saa ile ile. Sultani akarudi msikitini, akaingia nyumba ya khatibu, akavaa nguo nyingine, akamwita fakiri azichukue. Yule fakiri akazifunga, akazitia kichwani na kwenda zake, na watu wakazidi kumwombea Sultani. Mtoto wa Sultani alizirudisha nguo zile kwa kumpa fakiri watumwa 10. Sultani aliposikia jinsi watu walivyofurahi akaamuru aongezwe watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Ndugu Waislamu, hapa nisipite kimya. Zawadi hiyo ilikuwa ni pamoja na watu. Sisi tunaosomesha historia ya Uislamu katika pwani hatuna haja ya kuipaka chokaa. Ukarimu wa Sultani ulikuwa wa kweli, na watumwa wale 20 walikuwa binadamu waliokuwa na mama zao. Yote mawili yameandikwa na mtu mmoja katika ukurasa mmoja, na msomaji mwadilifu huyasoma yote mawili.

Sultani huyo alipofariki alirithiwa na ndugu yake Daud. Huyu alikuwa kinyume chake. Mwombaji akija aliambiwa kwamba mtoaji amekwisha kufa, wala hakuacha kitu cha kutolewa. Wageni walikaa miezi mingi wakingoja, kisha wakapewa kidogo sana, mpaka watu wakaacha kwenda mlangoni kwake. Tazama, ndugu msomaji. Daud alitawala dola ile ile, yenye biashara ile ile ya dhahabu ya Sofala. Lakini leo, kwa msomaji wa kitabu hiki, amebaki na sifa moja tu, ubahili. Mgeni alipita, akaandika, na wino umekauka.

Dunia nzima sahani moja

Pepo za kusi zilimrudisha Uarabuni. Aliteremka Dhofar, kusini ya nchi ambayo sasa ni Oman, akakuta mifugo inalishwa dagaa, na akakuta minazi na migomba. Kisha akazunguka dunia, na nitapita haraka.

Katika Anatolia, nchi ya Uturuki ya leo, aliingia mji wa Ladhiq na wenzake. Mara watu wakatoka madukani wakashika hatamu za farasi wao. Kundi jingine likaja likagombana na la kwanza, wengine wakachomoa visu. Wageni wakaamini wamevamiwa na wanyang'anyi. Hawakujua Kituruki. Mungu akawaletea haji mmoja anayejua Kiarabu, akawafahamisha kwamba makundi yale mawili ni jumuiya za vijana wa mjini, na ugomvi wao ni nani awe mwenyeji wa wageni! Wakapiga kura. Kundi lililoshinda likawachukua kwanza, likawapeleka hamamu, likawaandikia chakula, matunda na halua, kisha likasoma Qur'ani. Siku zilizofuata ikawa zamu ya kundi la pili. Vijana hao walikuwa mafundi na wachuma riziki wa kawaida. Walichanga mapato yao ya mchana, wakanunua chakula cha jioni, wakala pamoja na msafiri yeyote aliyeingia mjini. Asipokuja mgeni, wakala wenyewe.

Kutoka hapo alifika nchi za Watatari, akaonja maziwa ya farasi yaliyochachuliwa na hakuyapenda. Alikaa Delhi miaka kadhaa akiwa kadhi wa Sultani Muhammad bin Tughluq, mtawala aliyekuwa mwepesi wa kutoa na mwepesi wa kuua. Alitumwa China, chombo kikavunjika katika pwani ya Calicut, akapoteza kila kitu. Alikuwa kadhi katika visiwa vya Maldives, ambako watu waliishi kwa samaki na nazi. Alifika Bengal, Sumatra na hatimaye China. Wako wanaotilia shaka baadhi ya safari zake za mbali, na ni kweli kwamba baadhi ya maelezo ya miji yalichukuliwa kutoka kwa msafiri aliyemtangulia, Ibn Jubayr. Lakini sehemu kubwa ya kazi yake imesimama.

Alirejea mwaka 1348 akakutana na tauni kubwa. Damascus aliona Waislamu, Wayahudi na Wakristo wakitoka pamoja, kila watu na kitabu chao, wakimlilia Mola. Hapo hapo Damascus alipata habari kwamba baba yake alikuwa amefariki miaka 15 kabla. Alipokaribia kwao aliambiwa kwamba mama yake naye amefariki kwa tauni. Alifika Fez mwishoni mwa mwaka 1349, akaenda Tangier kuzuru kaburi la mama. Hiyo ndiyo bei ya safari ambayo vitabu vya shule havituambii.

Mgeni naye hukosea

Nisije nikamfanya malaika. Maldives alitaka kuwalazimisha wanawake wafunike sehemu za juu za miili yao, akashindwa, isipokuwa wale waliofika mbele yake mahakamani. Na mwaka 1352 alipovuka Sahara hadi dola ya Mali, alifanya jambo ambalo kila msafiri anapaswa kulisoma.

Alipofika mji mkuu wa Mali aliugua miezi miwili kwa sababu ya chakula cha mizizi alichokila yeye na wenzake, na mmoja wao alifariki. Alipopona akaambiwa zawadi ya mfalme, Mansa Sulayman, imewasili. Akasimama akitegemea mavazi na fedha. Kumbe ilikuwa mikate mitatu, kipande cha nyama ya ng'ombe na kibuyu cha maziwa ya mgando. Akacheka, akawaona watu wale ni wajinga kwa kukiheshimu kitu kidogo kama hicho. Baadaye akamlalamikia mfalme hadharani, ndipo akapewa nyumba na dhahabu.

Mtu aliyelia Tunis kwa kukosa salamu tu, sasa alicheka mkate na nyama na maziwa. Karamu za wafalme wa dunia zilikuwa zimempofusha. Mkate, nyama na maziwa, kwa mtu aliyetoka mgonjwa kitandani, ni chakula cha heshima katika kijiji chochote cha Afrika. Lakini pia tumpe haki yake. Pamoja na hasira zake, aliandika kwamba dhulma ilikuwa nadra katika nchi ile, kwamba msafiri hakuogopa mwizi wala mnyang'anyi, na kwamba Ijumaa usipowahi msikitini hupati nafasi. Hakuificha sifa ya watu kwa sababu zawadi yao haikumpendeza.

Na katika safari hiyo hiyo lilimtokea jambo la ajabu. Huko China alikuwa amekutana na mtu wa Ceuta, jirani wa kwao, wakaliliana. Miaka michache baadaye, akiwa Sijilmasa ukingoni mwa Sahara, alilala katika nyumba ya ndugu wa mtu yule. Ndugu wawili, mmoja China na mmoja jangwani, na msafiri mmoja akala kwa wote wawili.

Aliporudi mwaka 1354, Sultani Abu Inan wa Fez aliamuru asimulie yote, na mwanachuoni Ibn Juzayy akayaandika. Kazi ilimalizika Desemba 1355. Ibn Battuta aliishi maisha yake yaliyobaki akiwa kadhi katika mji mmoja wa Morocco, akafariki mwaka 1368 au 1369. Alikuwa amekwenda zaidi ya kilomita 100,000.

Na sisi je?

Sasa nirudi kwenye machozi ya Tunis. Katika msikiti mmoja wa Dar es Salaam ninaposwali, usiku mmoja baada ya Isha, nilimwona kijana mgeni amesimama karibu na mlango na begi lake. Tulikuwa tumesimama makundi makundi, tukipeana mikono na kuulizana habari, kila mtu na jamaa yake. Nilimwona vizuri. Nilikuwa na haraka, nikajisemea kwamba mwingine atamuuliza. Alfajiri nikasikia kwamba kijana yule alikuwa mwanafunzi kutoka mkoani, hakumkuta mwenyeji wake, akalala kituo cha mabasi, na begi lake likaibwa likiwa na vyeti. Mimi niliyeisomesha habari ya Ibn Battuta nilikuwa mmoja wa watu wa Tunis, na hata yule hujaji mmoja hakupatikana kati yetu.

Mtume Muhammad (s.a.w.) ametufundisha kwamba kumkirimu mgeni ni katika imani, na haki ya mgeni ni siku tatu. Sisi tuna methali inayompa mgeni jembe siku ya tatu. Mjini tumefika mahali hata siku ya kwanza haipo. Najua tutasema kuna wezi na matapeli, na ni kweli wapo. Lakini kumsalimu mtu na kumuuliza ametoka wapi hakuna mwizi anayekuibia kwa hilo. Kamati ya msikiti inaweza kumteua mtu mmoja wa kutazama nyuso ngeni baada ya Isha, kuangalia kitambulisho, kumjulisha mjumbe wa mtaa, na kumpatia msafiri sahani ya chakula na pembe ya kulala. Misikiti yetu mingi ina fremu za maduka za kukodisha. Kodi ya fremu moja ikiwekwa wakfu kwa ajili ya wasafiri, tutakuwa tumefanya kile walichofanya watu wa Damascus karne saba zilizopita. Na vijana wetu wanaweza kuchanga kama walivyochanga vijana wa Ladhiq, bila ya kumngoja mfadhili kutoka nje.

Yule bibi wa Mlingotini hajasoma kitabu cha Ibn Battuta, wala hana fremu ya kukodisha. Ana mkeka, sinia na kibakuli cha achari, na mlangoni kwake nilisalimiwa kabla sijataja jina langu. Wanaopita katika miji yetu leo watasimulia na wao huko waendako. Hatujui ni yupi kati yao atakayeandika, wala hatujui atatukuta tukiwa watu wa Abul-Mawahib au watu wa Daud.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wenye kuwakirimu wageni, awarehemu wazee wetu waliotutangulia, na amrehemu Ibn Battuta na amsamehe makosa yake na yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.